Kompyuta ya Mwisho wa Reli

Laptopu ilipiga mlio mmoja, ikaandika mstari kwenye kioo cheusi, ikagoma. Mstari wenyewe ulikuwa unasema kadi ya mtandao uliyoweka hairuhusiwi, zima mashine uitoe. Nikazima, nikaitoa, nikaifuta miguu kwa kifutio cha penseli, nikairudisha. Mlio uleule, mstari uleule. Kadi ilikuwa nzima, maana dakika kumi nyuma niliijaribu kwenye mashine nyingine ikashika waifai ya jirani bila taabu. Laptopu nayo nzima. Ugomvi ulikuwa kwenye orodha: ndani ya bayosi, programu inayoamsha mashine, mtengenezaji alishapanga kadi anazozikubali, na yangu haikuwamo.

Mteja, mwalimu wa sekondari moja ya njia ya Ujiji, alikuwa kwenye benchi na soda yake mkononi.

"Fundi, imeharibika nini?"

"Haijaharibika, Mwalimu. Imekataa."

"Imekataa? Kwani ni ya nani?"

Nilicheka ili nipate muda wa kufikiri. Hiyo ilikuwa 2015, na bado naona aibu kidogo kwamba nilimrudishia laptopu yake na waya mrefu wa mtandao, nikamtoza elfu tano, na swali lake sikulijibu.

Kibanda changu kipo Mwanga, Kigoma mjini. Nasisitiza Kigoma mjini kwa sababu kila nikiagiza mzigo, kuna mtu Dar anataka kuupeleka Mwanga ya Kilimanjaro. Nilisomea umeme wa majumbani. Kompyuta nilijifunzia kwenye maiti, yaani mashine ambazo wenyewe walishakata tamaa wakaniachia. Watu husema Kigoma mwisho wa reli kwa utani. Kwa fundi si utani. Fundi wa Kariakoo akikosa chipu anavuka barabara. Mimi nikikosa chipu naandika kwenye daftari, nasubiri mahitaji yafike matatu au manne ndipo nauli ya mzigo iwe na maana, kisha nangoja treni au basi. Kikija kibovu, kukirudisha ni safari nyingine ya urefu uleule. Kwa hiyo mimi sisifii kompyuta kasi yake. Nasifia ile ambayo ikifa, naweza kujua imekufa na nini.

Upande wa programu nilikuwa nimeshatulia zamani. Virusi vya flashi vilinichosha, mwanafunzi mmoja wa chuo akaniachia Debian, mfumo huru wa kompyuta, kwenye DVD, nikahama na sikurudi. Na hapa Kiswahili kinatupa nafuu ambayo Waingereza hawana: wao neno lao moja linabeba huru na bure kwa pamoja, kila siku wanahangaika kuelezana. Sisi tunayo mawili. Programu huru ni ile unayoweza kuiendesha utakavyo, kuifungua uone ilivyoandikwa, kuibadilisha na kuigawa, iwe umeilipia au hukuilipia. Richard Stallman, mwanaprogramu wa Marekani, alipotangaza mwaka 1983 mradi wa GNU wa kuandika mfumo huru alikuwa na kidonda cha printa: printa ya maabara yao pale chuo cha MIT ilikuwa inakwama karatasi, akataka kurekebisha programu yake, aliyekuwa na msimbo akamnyima. Mimi hilo la printa nilikuwa nalisoma kama kisa cha kuchekesha tu. Nilikuwa sijaona kwamba hata yeye aliumizwa na kifaa kwanza.

Nilidhani ukishaweka mfumo huru umemaliza. Ile kadi ya mwalimu ndiyo iliyonionyesha kwamba chini ya mfumo kuna vyumba vingine, na funguo zake hatukupewa.

Nikaanza kuvihesabu. Kuna bayosi, inayoamka kabla ya mfumo. Kuna fimwea, vijiprogramu vinavyokaa ndani ya chipu ya waifai au vinavyopakiwa humo mashine inapowaka. Bila hivyo kadi ni kipande cha bati. Tena nyingi ya fimwea hizi ni fungu la namba tu, hakuna anayejua zimeandikwaje isipokuwa aliyeziandika. Suala hili ni gumu kiasi kwamba watu wa Debian wenyewe, waliozitenga miaka yote, walipiga kura 2022, na toleo la 12 lililotoka 2023 likaja nazo ndani ya kisakinishi rasmi. Siwalaumu. Nimeshakaa na mteja anayetaka waifai saa hiyohiyo na hataki hotuba.

Lakini kuna chipu moja ambayo fimwea yake iliachiwa huru mwaka 2013, Atheros AR9271, nami nikaapa kwamba nitaipata. Mwaka 2016 nilikwenda Dar kwenye harusi ya binamu, nikaiba siku moja nikaingia mtaa wa Aggrey, Kariakoo, na laptopu begani. Duka hadi duka. Naomba kifaa cha waifai cha kuchomeka kwenye USB, nakichomeka, nasoma namba kwenye kioo. Nilikuwa natafuta 0cf3:9271, namba ya chipu ile. Duka la tano au la sita kijana akachoka: "Bosi wangu, unanunua au unapima?"

Nikanunua vinne. Viwili vilitoka kwenye maboksi pacha: jina moja, picha moja, antena moja. Kimoja kilikuwa na chipu yangu. Cha pili kilikuwa na chipu nyingine kabisa, ya kampuni nyingine. Tofauti ilikuwa kwenye kibandiko nyuma ya boksi, namba ya toleo iliyoandikwa kwa herufi za kupimia macho. Tangu siku hiyo siulizi kifaa kinaitwaje. Naomba nikichomeke nisome namba, na muuzaji asiyetaka namuaga.

Wakati huohuo shule ya yule mwalimu ilikuwa imepewa tableti thelathini na mfadhili. Sherehe ilifanyika, picha zikapigwa. Baada ya miaka miwili nikaitwa niziangalie. Betri zilikuwa zimegandishwa kwa gundi, na sehemu ya kuwashia mfumo imefungwa kwa ufunguo wa mtengenezaji, kwa hiyo huwezi kuweka mfumo mwingine hata ukilia. Programu ya masomo iliyokuwamo ilikuwa inataka kuongea na seva fulani kabla ya kufunguka, na seva ilishazimwa. Vioo vizuri, chipu nzuri, thelathini, kabatini. Waliotangulia walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na ile ilikuwa ya kuazima hasa, ingawa hati ilisema zawadi.

"Hatuwezi kutengeneza yetu?" Mwalimu akauliza.

Angekuwa mtu mwingine ningemcheka. Nilikumbuka ile laptopu ya dola 100 aliyoitangaza Nicholas Negroponte mwaka 2005 kwa ajili ya watoto wa nchi maskini. Watu wa MIT, wenye wafadhili na viwanda nyuma yao, na ilipoanza kutengenezwa 2007 ilikuwa inakaribia dola 200. Hata hiyo, pamoja na mfumo wake huru, chipu yake ya waifai ilikuwa na fimwea iliyofungwa. Mimi wa kibandani ningefika wapi? Lakini nilikuwa nadaiwa jibu tangu 2015, nikasema tujaribu.

Tulianza na mitumba, na hapo ndipo nilipopata hasara kubwa kuliko zote.

Kuna laptopu chache za zamani ambazo bayosi yake unaweza kuitoa yote ukaweka iliyo huru. ThinkPad X60 ndiyo laptopu ya kwanza kupata cheti cha kuheshimu uhuru wa mtumiaji kutoka FSF, taasisi ya programu huru aliyoianzisha Stallman, mwishoni mwa 2013. Baada yake ikafuata X200, ya mwaka 2008, na hiyo ina siri nzuri: ndani ya mashine za Intel kuna kikompyuta kingine kiitwacho Management Engine, kinachofanya kazi bila wewe kukiona, na kwenye kizazi cha X200 unaweza kukiondoa kabisa. Vizazi vilivyofuata, fimwea yake imewekewa sahihi ya kiwanda. Ukiifuta, mashine inawaka, inakaa nusu saa, inajizima. Mimi hiyo nusu saa huwa inaniudhi kuliko kama isingewaka kabisa.

Nikapata X200 tano za mitumba, kila moja kwenye laki mbili. Kuandika bayosi mpya unafungua sehemu ya kupumzishia viganja, unaona chipu ndogo, unaibana kwa klipu, unaisoma kwanza, unahifadhi nakala, ndipo unaandika. Nikanunua kifaa cheusi cha kuandikia chipu, cha elfu ishirini, kile ambacho kila video inakisifu. Nikasoma chipu mara tatu. Kila mara nakala ilitoka tofauti na nyingine. Mtu mwenye akili anasimama hapo. Mimi nikasema klipu imelegea, nikaikaza, nikaandika.

Mashine ya kwanza haikuwaka tena. Ya pili nayo. Usiku ule nikachukua mita nikapima pini za kile kifaa moja moja. Chipu inataka volti 3.3. Pini ya umeme ilikuwa inatoa 3.3 sawasawa, ila zile za data zilikuwa zinatoa 5. Kifaa cha elfu ishirini kimekula mashine za laki nne. Mke wangu alipouliza mbona sili, nikamwambia tumbo.

Zilizobaki tatu nilizimaliza kwa bodi ndogo niliyoagiza Bulgaria, kwa sababu pini zake za data zilikuwa za volti 3.3 za kweli. Niliinunua iwe chombo cha kazi tu, kama koleo. Zote tatu zikawaka, na ile kadi iliyokataliwa 2015 nikaichomeka kwenye moja. Ikashika. Nilimpigia Mwalimu simu saa nne usiku.

Lakini X200 haziokotwi kila siku, na kila mwaka zinapungua. Huwezi kumwambia mkuu wa shule kwamba mpango wa kompyuta unategemea mashine za 2008 zilizosalia duniani. Nikaitazama upya ile bodi ya Bulgaria iliyokuwa imelala mezani.

Inaitwa A20-OLinuXino-LIME, ya Olimex, kampuni ya mji wa Plovdiv. Chipu yake ni Allwinner A20, kokwa mbili za kufanyia hesabu, kumbukumbu megabaiti 512, tundu la SATA la diski, na bei yake ilikuwa yuro thelathini na kitu kabla ya usafiri na ushuru. Kila mtu aliniambia, kwa nini usichukue Raspberry Pi? Ilitoka 2012 kwa dola 35, vitabu vimejaa, na si kifaa kibaya. Ila kwenye zile nilizozijua, inayoamka kwanza ni chipu ya picha, na inaamka kwa faili zilizofungwa. A20 inaamka tofauti. Ukiiwasha, kumbukumbu ya kudumu iliyomo ndani ya chipu inakwenda kwenye memori kadi, inaruka kilobaiti 8 za mwanzo, inachukua U-Boot, programu huru ya kuamshia mfumo, iliyopo hapo, na kuanzia hapo kila mstari unaweza kuusoma. Ile kumbukumbu ya kudumu yenyewe huwezi kuibadilisha, nakubali. Wanaharakati wa mtandao wa linux-sunxi ndio waliochimbua mengi ya chipu hii, mengine kwa kubahatisha na kujaribu, na kazi yao ikaingia kwenye Linux ya kawaida, kiini cha mifumo kama Debian. Mimi niliweka Debian isiyo na faili hata moja iliyofungwa, ikawaka.

Zaidi ya hapo, mchoro wa bodi umetolewa. Kila waya, kila kipande na thamani yake. Bodi ikifa naweza kufuata umeme kuanzia tundu hadi chipu kwa mita, kama ninavyofuata nyaya za nyumba. Nimeshafufua moja kwa kubadilisha kipande cha shilingi mia tatu. Tableti zile thelathini, hata kama nyingi zilikuwa na tatizo la kipande cha mia tatu, nani angenionyesha kilipo?

Mapungufu yake niyaseme pia, maana nimeona watu wanasifia uhuru kama dawa ya mitishamba, inatibu kila kitu. Megabaiti 512 ni kidogo. Kivinjari kikifungua kurasa tatu za siku hizi, kinajinyonga. Mwanzoni hakukuwa na programu huru ya chipu yake ya picha; iitwayo Lima iliingia kwenye Linux mwaka 2019, toleo la 5.2, kabla ya hapo kila kitu kilichorwa na kokwa zenyewe kwa kuhema. Tukaacha kulazimisha intaneti. Tukaweka diski moja kwenye bodi moja, ikawa seva, tukapakia Kiwix, programu ya kusomea kurasa bila intaneti, na Wikipedia ya Kiswahili, wanafunzi wanasoma bila bando. Hapo bodi ikawa inatosha na inabaki.

Kitu ambacho sikukitarajia ni kioo. Nilikuwa nahangaika na uhuru wa bodi inayokula wati mbili na nusu, nikachomeka kioo cha mezani, mita ikaniambia wati ishirini na mbili. Kwetu umeme ulikuwa wa majenereta ya dizeli kwa miaka mingi, na shule ilitaka kompyuta zisizokufa umeme ukikatika. Betri ya gari ya volti 12 ingetosha, ila si kwa vioo vile na vibadilisha umeme vyake. Kwa miezi miwili nikageuka mnunuzi wa vioo vya inchi 15 vyenye tundu la volti 12 nyuma; vipo, vingi vimetupwa. Hivyo vinakunywa betri moja kwa moja. Bodi nayo inataka volti 5, kwa hiyo pakahitajika kitu cha kushusha 12 iwe 5.

Na hicho ndicho nilichokitengeneza mimi. Katika kompyuta nzima ya Kigoma, kipande nilichobuni ni kidogo kuliko kiberiti.

Vya kununua vilinishinda: vina chipu iliyochapwa LM2596, ambayo halisi inabeba ampea 3, hizi ukizipa mbili zinachemka mpaka kidole hakikai. Nikajifunza KiCad, programu huru ya kuchora saketi aliyoianzisha Jean-Pierre Charras kule Grenoble mwaka 1992. Nikachora: fyuzi, kinga ya mtu anayegeuza chanya na hasi, kishusha volti, na sehemu ya kukata umeme betri ikishuka sana ili isife. Nikatuma China, kima cha chini vipande kumi. Vikaja vinang'aa, vyekundu, jina la Mwanga limeandikwa pembeni. Nikachomelea cha kwanza, nikawasha, kimya. Cha pili, kimya. Nilikuwa nimechora miguu ya transista kama inavyoonekana kwenye kioo cha kujitazamia, kushoto kulia. Makosa ya kuchora kwa kompyuta yana heshima yake: huwezi kuharibu kimoja, unaharibu vyote kumi kwa usawa.

Nikavinusuru kwa wembe na waya mwembamba, nikakata njia mbili kwenye kila bodi na kuzivusha. Vibaya kuvitazama, ila vilifanya kazi darasani mwaka mzima. Toleo la pili likatoka sawa. Nikaliwekea leseni ya CERN ya vifaa huria, ile iliyoanzishwa 2011 na kituo hicho cha utafiti wa fizikia kule Geneva, kwa aina inayosema: nakili, tengeneza, uza, ila ukibadilisha onyesha ulichobadilisha. Nikachapa mchoro kwenye karatasi kubwa nikaubandika ukutani kibandani. Nilijisikia mtu wa maana.

Kibirizi, wanakoshushia dagaa, kuna mzee anayetengeneza betri na taa za mitumbwi. Zamani wavuvi walikuwa na karabai. Sasa ni taa za LED na betri, na matatizo yake yote mzee huyu anayajua. Wavuvi wa dagaa hutoka wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwaka ziwa linapumzika, na mzee naye anapata nafasi ya kupanda mjini kunipigia soga. Siku moja akasimama mbele ya mchoro wangu muda mrefu, mikono nyuma.

"Hii inakata betri ikichoka?"

"Ndiyo, Mzee."

"Nipe moja nikaione."

Nikampa. Ikapita miezi, sikumwona. Kisha mvuvi mmoja akaja kuchaji simu, nikaona kwenye kikapu chake kitu kimezungushiwa mpira wa tairi ya baiskeli. Nikaomba nikishike. Ilikuwa saketi yangu. Haikuwa bodi yangu, saketi yangu: imejengwa juu ya kibao cha matundu, koili na vipande vimetolewa kwenye ving'amuzi vilivyokufa, fyuzi ni ya gari, na badala ya tundu dogo la chaja kuna bolti mbili za kukazia waya. Yote imepakwa kitu chekundu, kinang'aa.

"Hii umeipata wapi, kaka?"

"Kwa Mzee, Kibirizi. Elfu kumi na tano. Kila mtumbwi unayo sasa."

Sitadanganya, niliumia. Usiku niliochora, umeme ulivyonikatikia, vile vipande kumi, wembe, vyote vilinirudia kwa mpigo. Kesho yake nikateremka Kibirizi. Nilimkuta chini ya mwembe na kopo la mkaa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nilijua utakuja. Kaa."

Nikakaa. Nikamwambia nimeona saketi. Akasema ndiyo, ni nzuri, wavuvi wanaipenda. Nikakohoa, nikamwambia kwa adabu kwamba ile kazi ina leseni, na leseni inasema ukibadilisha uonyeshe.

"Si nakuonyesha?" Akaivuta moja, akaanza. Tundu langu la chaja linalegea mtumbwi ukipigwa na wimbi, kwa hiyo bolti. Fyuzi yangu ya kuchomelea, ikiungua usiku katikati ya ziwa nani ana pasi? Kwa hiyo fyuzi ya gari, mvuvi anaichomoa kwa vidole. Na unyevu. Akanionyesha chupa: rangi ya kucha, ya sokoni Mwanga, kwangu palepale. Anapaka tabaka mbili, maji hayaingii.

"Liemba unaijua iliyozamishwa?" akauliza. Kila mtu hapa anaijua: meli ya Wajerumani, imetengenezwa kwao 1913, ikaletwa vipande vipande, wakaizamisha wenyewe 1916 ili Waingereza wasiipate, ikaopolewa 1924. "Walipaka mashine grisi kabla ya kuizamisha. Ilipotolewa, mashine ni nzima. Wewe chako umekipaka nini?"

Sikuwa nimekipaka kitu. Na pale darasani, bodi mbili kati ya zangu zilikuwa zimeshaota kutu ya kijani kwenye tundu la chaja, jambo nililokuwa nalilaumu kwa wanafunzi.

Nikatoa simu nikapiga picha kila upande. Wiki ile nikachora toleo la tatu, lenye bolti na fyuzi ya gari, na kwenye maelezo nikaandika rangi ya kucha, tabaka mbili. Jina la Mzee nililiandika kwenye mchoro kama mbunifu mwenzangu, nikaupeleka nimwonyeshe; akauangalia, akauliza kama karatasi ile ni ngumu kiasi cha kufungia misumari.

Shule ilihitaji vishusha volti vinne vya haraka, na mzigo wangu wa toleo la tatu ulikuwa bado njiani. Nikamwomba Mzee aniuzie vinne. Akavihesabu, akavifunga kwenye mfuko. Nikatoa elfu hamsini, nikasema, Mzee, kwa kuwa mimi ndiye...

Akatikisa kichwa. "Elfu sitini, mwanangu. Bei ni hiyohiyo kwa kila mtu."

Nikaongeza elfu kumi.